Madumu Yetu Mbele ya Jukwaa

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo, na pale nilipokosea kuandika neno, lisomeni kwa sauti, huenda masikio yakalitambua kuliko macho. Shule yangu iliishia darasa la sita kambini, na hata huko nilikuwa wa mwisho kunakili. Ubao ulikuwa unafutwa upande wa kushoto mimi bado natafuta mstari wa pili. Mpaka leo naandika hivyo hivyo. Daftari hili limekaa kwangu wiki tano, na najua wa Louisville wanalisubiri.

Kwa mtu atakayelishika bila kulijua: daftari linazunguka kati yetu sisi tuliokuwa kwaya moja kambini Tanzania, Warundi tuliokulia kule. Ndege zilipokuja kutuleta Marekani zilitugawa, wengine Louisville, wengine Columbus, na sisi tukashukia Buffalo. Kila anayelipokea anaandika jambo moja analomshukuria Mungu, halafu analipeleka mbele. Nimesoma kurasa zote za kabla yangu. Mmeandika kuhusu watoto, kuhusu uraia, kuhusu nyumba mlizohamia. Mimi nitaandika kuhusu madumu manne ya maji.

Naishi mtaa wa Riverside, hapa Buffalo, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, na asubuhi nafanya kazi kiwanda cha mikate. Kazi yenyewe ni kusimama kando ya mkanda unaotembea na kutoa mkate uliopinda. Naipenda kwa sababu haihitaji maneno. Mimi ni mtu wa aibu. Dukani nikiona mhudumu anayependa kuzungumza na wateja, nahamia foleni ya mashine hata kama ni ndefu. Simu ikiita naiangalia mpaka inyamaze, kisha namwandikia mtu ujumbe kumuuliza alikuwa anasemaje.

Lakini napiga gita la besi. Nilifundishwa na yule ambaye sote tunamwita Mwalimu, aliyeanzisha kwaya yetu kule. Gita langu la kwanza alilitengeneza yeye kwa ubao wa sanduku na nyaya za breki za baiskeli. Vidole vilitoka damu, vikapona, vikawa vigumu. Kanisani nilikaa nyuma ya spika kubwa, kwenye kigoda, nikapiga kutokea huko. Watu walisikia besi na wengi hawakujua inatoka wapi. Hapo ndipo nilipokuwa na furaha kuliko mahali pote duniani, nyuma ya ile spika, mgongo wangu umegusa turubai ya ukuta.

Mnakumbuka kilichotokea mwaka jana Louisville, kwenye mkutano wetu wa kila mwaka. Wengi wenu mlikuwepo, na nawashukuru kwamba hamjaniuliza. Kwa asiyekuwepo nitaeleza. Kuna wimbo wa Mwalimu unaoanza na besi peke yake, kabla ya ngoma, kabla ya sauti. Ni kipande kifupi, mtu anakimaliza kabla hujahesabu kumi. Kambini nilikipiga miaka na miaka. Louisville spika zilitundikwa juu darini, na jukwaani hapakuwa na kitu cha kujificha nyuma yake. Niliinua mkono. Watu wote wakaninyamazia. Mkono ukagoma. Nikalilaza gita chini polepole, kama anayelaza mtoto aliyesinzia, nikatoka kwa mlango wa pembeni, nikaenda kukaa ndani ya gari la kaka yangu mpaka mkutano ukaisha. Wimbo haukuimbwa.

Kaka yangu, anayeishi huko huko Louisville na kufanya kazi ghala la vifurushi, alikuja kufungua mlango wa gari akasema, "Angalau hukulivunja gita." Hiyo ndiyo pole yake. Nilicheka huku nalia.

Mwaka huu mkutano ulipangwa kufanyika Columbus. Mwalimu alinipigia, na kwa kuwa ni yeye, nilipokea. Aliniambia bila hasira kwamba kanisa la Columbus lina kinanda chenye midundo ya kurekodi, kinaweza kushika nafasi yangu. "Ila kinanda hakizijui nyimbo za kambini, mwanangu," alisema. "Nikikitumia, zile nyimbo tutaziacha. Tutaimba hizi mpya za kwenye simu. Sikulazimishi. Nipe jibu tu nijue nijipange vipi."

Nikasema nitafikiri. Nikafikiri wiki mbili. Kila nilipofikiri niliona ule ukimya wa Louisville. Na nyimbo zile alizitunga yeye, nyingine kwenye hema mke wake akiwa mgonjwa, sote tunajua ni zipi. Kwa hiyo haikuwa aibu yangu peke yangu iliyokuwa mezani.

Sasa naingia kwenye safari. Kanisani kwetu kuna dada Mkenya anayekaa Amherst. Alikuja kusoma chuo kikuu kule, akamaliza, akapata kazi ya ofisini. Anaimba sauti ya pili na anaendesha gari kama dereva wa gari la wagonjwa. Kila mwaka yeye na marafiki zake wa chuo huenda kwenye tamasha la muziki jangwani, upande wa California, siku tatu za bendi zikipiga juu ya mchanga. Mwaka huu marafiki walishindwa. Mmoja amejifungua, wawili wamenyimwa likizo. Akabaki na nafasi tatu.

Alinikamata mlangoni baada ya ibada. "Wewe, kwani umewahi kuona bendi ikipiga mbele yako? Bendi ya ukweli?"

"Nimeona kwenye simu."

"Aki, simu! Mtu wa besi anasikiliza besi kwa simu! Hiyo ni kama kula nyama kwa picha. Tunaenda."

"Mimi siwezi, Dada. Watu wengi."

"Na ndiyo vizuri. Watu wakiwa wengi hivyo hakuna mwenye ataona wewe."

Hilo lilinigusa, kwa sababu kidogo ni kweli. Bado ningekataa, ila nafasi mbili zilizobaki alizitoa kwa Mwalimu na kwa kaka yangu. Mwalimu alikubali kabla hajamaliza kuulizwa. Alisikia kwamba miongoni mwa bendi kuna moja ya magita kutoka jangwa la Afrika Magharibi, ambayo amekuwa akiisikiliza kwenye basi la Morse Road, huko kwake Columbus, kila siku ya kazi. Akanitumia ujumbe: "Jibu langu utanipa tukirudi. Sasa hivi twende tukasikilize." Nikaona nikikataa hata hilo nitakuwa mtu wa namna gani.

Tuliondoka Buffalo wawili, Dada na mimi. Columbus tulimkuta Mwalimu upande wa Northland, nje ya duka la vyakula vya kwetu, amesimama na suti ya kijivu, tai, na viatu vilivyong'aa.

"Mwalimu," Dada akamwambia, "tunaenda jangwani."

"Naenda kusikiliza wanamuziki. Ulitaka niende na kaptula?"

Tukanunua dagaa, unga na chumvi, tukaendelea. Louisville kaka alikuwa anatungoja kwenye ngazi na begi moja na madumu manne matupu, matatu meupe na moja la njano lililokuwa la mafuta ya kupikia.

"Haya ni ya nini sasa?" Dada akauliza.

"Ya maji."

"Huko kuna mabomba. Kila kona."

"Ndiyo hivyo, Dada. Wao wana mabomba, sisi tuna madumu. Tutaelewana."

Dada aliangalia juu kama mtu anayeomba subira, akafungua buti.

Siku tatu tuliendesha. Sitaeleza yote. Miti ilipungua, ikaisha. Ikabaki ardhi ya rangi ya unga wa mtama na milima isiyo na hata jani moja, na joto lililoingia ndani ya gari hata vioo vikiwa vimefungwa. Kaka alishuka kujinyoosha akasema, "Mungu alipofika hapa alikuwa amechoka." Mwalimu akamkemea, lakini nilimwona anatabasamu.

Siku ya kwanza ya tamasha nilisimama mbali kabisa, karibu na uzio wa vyoo. Majukwaa yalikuwa mengi, makubwa na madogo, na upepo ukigeuka ulikuletea nyimbo mbili kwa pamoja. Niliona wazee wenye tarumbeta wakipiga huku wameketi kwenye viti, mmoja ameweka kofia yake juu ya goti. Niliona msichana wa umri wangu aliyeimba peke yake na gita moja, na katikati ya wimbo akasahau maneno, akacheka, akaanza tena, na watu wakampigia makofi kwa kusahau kwake. Hilo nililitazama sana. Nilifikiri watazomea.

Na besi. Sijui niieleze vipi kwa mtu ambaye hajasimama pale. Kwenye simu besi ni kitu unachokisikia ukitega sikio. Kule haikupitia sikioni. Ilipanda kutoka mchangani kupitia nyayo, ikaja kukaa hapa chini ya mbavu, na chupa ya maji niliyoshika ikatetemeka yenyewe. Miaka yote nimepiga chombo hiki nyuma ya spika bila kujua kinamfanyia nini aliye mbele. Nilisimama pale nikasema asante kimoyomoyo, sikujua namshukuru nani, mpigaji au Mungu au Dada.

Siku ya pili ndiyo ilikuwa siku ya bendi ya Mwalimu. Ubao uliandika kwamba watapiga jua likizama, kwenye jukwaa dogo la mwisho. Mwalimu alitaka asimame mbele kabisa, aone vidole vya wapiga gita. Saa sita mchana, tulipokuwa tumetoka kujaza maji bombani, akasimama katikati ya njia.

"Tukaweke madumu," alisema.

Kaka akaitikia hapo hapo, "Nilijua tu yatatufaa."

Dada hakuelewa, kwa sababu hakukulia tulikokulia. Nikamweleza mimi, na kwangu hayo yalikuwa maneno mengi. Kambini maji yalifunguliwa asubuhi na jioni tu. Hakuna anayeweza kusimama foleni mchana kutwa, kwa hiyo unapeleka dumu. Dumu linakaa kwenye mstari badala yako, wewe unarudi kufua na kupika. Dumu likishakaa kwenye mstari ni wewe mwenyewe umesimama pale, hakuna wa kuliruka. Sheria ni moja tu. Mlinzi wa bomba akipita akauliza, "Dumu hili la nani?" ni lazima mwenyewe ajitokeze. Usipojitokeza linatupwa nje ya mstari, na kwenu siku hiyo hakuna chakula wala kuoga. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa madumu nyumbani kwetu. Nimeliacha jiko mara ngapi, nimemwacha hata mtu katikati ya salamu, kwa kusikia tu swali hilo kwa mbali.

"Hawa watu hawajui hiyo maneno," Dada alisema. "Wataona takataka, watatupa."

"Dumu lililojaa maji, mahali kama hapa?" Mwalimu akamjibu. "Mtu yeyote mwenye akili akiliona atajua lina mwenyewe."

Tukaenda. Mbele ya jukwaa dogo hapakuwa na mtu hata mmoja, mchanga mtupu na jua. Tuliyapanga manne kwenye uzio, katikati kabisa, la njano mwanzoni. Mwalimu aliyanyoosha kwa mguu yakae sawasawa. Kisha tukarudi kwenye hema la kivuli, mbali kidogo, umbali wa kama nyumba kumi za mtaani kwetu, tukakaa kula dagaa na ugali baridi.

Kile ambacho hatukukifikiria ni kwamba jukwaa lile halikuwa linangoja jioni. Tulipokuwa tunakula, bendi ya mchana ikapanda. Walikuwa watatu, kijana wa gita aliyeimba, dada wa ngoma, na mpiga besi mrefu mwenye fulana iliyochanika begani. Walitoka, wakatazama mbele. Watu wote tulikuwa chini ya hema, mamia yetu, hakuna aliyetaka kuliacha kivuli. Mbele yao kulikuwa na madumu yetu manne yamepanga foleni.

Wakapiga wimbo wa kwanza. Waliupiga vizuri, kwa nguvu zote, kama vile uwanja umejaa. Nilianza kusikia aibu kwa niaba yao, ile aibu yangu ya Louisville. Wimbo ulipoisha watu wa kivulini walipiga makofi machache kwa mbali. Yule mwimbaji akasogelea kipaza sauti. Kiingereza changu ni cha kiwandani, lakini alisema polepole na nilimwelewa.

"Nimewahi kupiga mbele ya watu watano," alisema. "Nimewahi kupiga mbele ya mama yangu peke yake. Kupiga mbele ya madumu ni mara ya kwanza. Asanteni kwa kuwahi."

Watu wakacheka. Kaka yangu alianguka ubavu kwa kicheko.

"Lile la njano," mwimbaji akaendelea, "linanitazama kama shemeji yangu." Halafu akainama, akakinga jua kwa mkono, akatazama upande wa hema letu. "Lakini kweli. Madumu haya ni ya nani?"

Nilikuwa nimeshasimama. Sikuamua. Sahani ilianguka, dagaa wakamwagika kwenye viatu vya Mwalimu, nami nilikuwa nje ya kivuli nakimbia, kandambili mkononi, mchanga unaniunguza nyayo, mkono mwingine nimeuinua juu kama tulivyokuwa tunauinua. Na nilikuwa napiga kelele. Dada aliniambia baadaye nilichokuwa nakisema, maana mimi sikujisikia. Nilikuwa nasema kwa Kiswahili, mbele ya watu wote wale, "Langu! La njano ni langu! Msilitoe!"

Nilifika, nikashika mkono wa lile dumu la njano, na hapo ndipo nikazinduka. Hakukuwa na mlinzi wa bomba. Kulikuwa na jukwaa, watu watatu wananiangalia kutoka juu, na nyuma yangu hema zima linapiga makofi na miluzi. Kaka alikuwa anapaza sauti, "Usilimwage, dada! Shikilia!" Nilitaka kurudi, nikageuka, nikaona umbali wa kurudi ni mrefu kuliko aibu ya kubaki. Nikabaki. Nikavaa kandambili, nikasimama nyuma ya madumu yangu kama muuza maji.

"Karibu," yule mwimbaji alisema, na hakuendelea kunitania. Namshukuru kwa hilo. Aliwageukia wenzake wakaanza wimbo wa pili, na nikapigiwa wimbo mzima mimi peke yangu.

Hapo nikamwona vizuri yule mpiga besi. Alikuwa ametupa mgongo. Tangu wimbo uanze mpaka uishe hakugeuka kututazama. Alimwelekea yule dada wa ngoma, na macho yake yalikuwa chini, kwenye mguu wa huyo dada uliokanyaga ngoma kubwa. Mguu ukishuka, kidole cha mpiga besi kinashuka. Hakutazama kingine. Alikuwa juu ya jukwaa, mahali peupe, hana spika ya kujifichia, na bado alikuwa amejitengenezea mahali pake nyuma ya ule mguu. Na besi yake ilitoka nzima, ikafika chini ya mbavu zangu bila kupungua.

Wimbo wa tatu Dada alikuja akasimama kando yangu na mwavuli. Mwalimu akaja na suti yake, viatu vina mafuta ya dagaa. Kaka akaja. Kisha watu wengine wakatoka kivulini, wawili wawili, mpaka tukawa kundi. Wimbo wa mwisho ulipoisha yule mpiga besi alishuka pembeni akaja kwenye uzio, uso umeloa, akaonyesha dumu kwa kidole, akainua nyusi kuuliza. Nilimmiminia kwenye kikombe chake. Akanywa, nikamwongezea. Alisema asante. Nilitaka kumwambia nimeona anachofanya na kwamba na mimi ni mtu wa besi. Kiingereza kilikuwa tayari mdomoni. Sikukitoa. Alirudi kubeba vyombo vyake, na sijui hata jina lake. Ndiyo maana nayaandika hapa, kwa kuwa shukrani isiyosemwa inanikaa.

Hatukuondoka tena pale. Na jambo la kuchekesha, watu waliokuja baadaye waliona madumu, wakauliza, Dada akawaeleza, wakapenda. Mmoja akaweka chupa yake kwenye mstari akaenda kula. Mwingine akaweka kofia. Mwingine kiatu kimoja, akaondoka anarukaruka kwa mguu mmoja. Mwalimu alizunguka akivinyoosha vikae sawasawa, na mtu alipotaka kusogeza kofia isiyo yake Mwalimu alimtingishia kidole.

Jua liliposhuka bendi ya magita ikapanda, na Mwalimu alikuwa mbele kabisa, tumbo limegusa uzio. Sijui lugha waliyoimba. Magita matatu yalizungumza kama watu wa nyumba moja wanaojibizana jikoni, na mkono wa yule mzee wa gita la kwanza ulikuwa karibu kiasi cha kuona kucha. Wimbo ulipopamba moto Mwalimu alitoa kitambaa cheupe mfukoni, akanyoosha mkono juu ya uzio ili ampanguse jasho, kama tunavyomfanyia mwimbaji aliyetubariki. Mlinzi wa tamasha alikuja mbio kumzuia. Lakini yule mzee alishaona. Alisogea bila kuacha kupiga, akapiga goti moja, akashusha paji la uso. Mwalimu akampangusa taratibu, kushoto na kulia. Mlinzi akashusha mkono. Kile kitambaa Mwalimu hajakifua mpaka leo, msimcheke.

Tulirudi wenye mchanga masikioni. Louisville tulimshusha kaka, akaniachia dumu la njano mapajani. "Hili ni lako," alisema. "Umelitangaza California nzima."

Columbus, Dada alisimamisha gari mbele ya lile duka la vyakula vya kwetu. Mwalimu alitoa begi lake, akafunga mlango, akainama dirishani kwangu. Hakuuliza. Alingoja tu, kama alivyokuwa akingoja zamani nitafute noti kwa vidole.

"Nitapiga," nikasema. "Ila ngoma ikae karibu nami. Niuone mguu."

"Mguu gani?"

"Wa mpiga ngoma."

"Utauona," akasema. "Nitamwambia avae kiatu cheupe."

Siku ya mkutano nilitapika mara mbili asubuhi. Naliandika hili ili msidhani jangwa lilinibadilisha nikawa mtu mwingine. Tulipanda jukwaani. Ngoma ilikuwa hatua moja kutoka kwangu, na mpiga ngoma alivaa kweli kiatu cheupe, kipya. Lakini wimbo ule unaanza na besi peke yake, mnakumbuka, na kabla ya mguu kuna mimi. Niliinua mkono. Ukimya ukaja, ule ule. Mkono ukaanza kugoma. Nilitazama chini ya jukwaa nikaona kwamba kuna mtu ameweka lile dumu la njano sakafuni, mbele ya viti vya mbele, limejaa maji. Mimi nilikuwa nimeliacha kwenye gari. Na kutoka safu ya tatu, ndani ya ukimya ule, sauti ya kaka yangu ikasema, si kwa nguvu, kama mlinzi wa bomba aliyechoka na joto:

"Dumu hili la nani?"

Watu wakaangua kicheko, wale wa kambini, wakubwa kwa wadogo. Na kidole changu kilikuwa kimeshagusa waya. Kipande kikatoka. Mguu mweupe ukashuka, nikaukamata. Sauti ya kwanza ikaingia, ya pili, ya tatu, na Mwalimu alikuwa amefumba macho anaongoza kwa mkono mmoja. Ubeti wa tatu nilikosea, mlisikia, sikuacha. Tuliimba nyimbo nne za kambini. Kinanda kilibaki kimefunikwa na kitambaa chake.

Kwa hiyo shukrani yangu ndiyo hiyo. Namshukuru Mungu kwa Dada wa Amherst na gari lake, kwa Mwalimu, kwa kaka yangu mwenye mdomo, kwa mwimbaji aliyeuliza na kwa mpiga besi aliyetupa mgongo. Na kwa mama yangu aliyekuwa ananituma bombani.

Dumu liko hapa jikoni kwangu ninapoandika, na daftari naliachia kurasa tupu mbele makusudi. Nijibuni. Niambieni ninyi kwenye mstari mliweka nini, dumu, jiwe au ndoo, na ni nani aliyewahi kutupiwa lake nje. Niambieni pia kama mnakumbuka maneno ya ubeti wa tatu, maana nadhani siku hizi tunauimba nusu. Mahali ambapo mwandiko umewashinda pigieni mstari mnirudishie, nitaliandika upya neno hilo, polepole, mpaka lisomeke.